Vijiko Kumi na Viwili

Asubuhi ya siku ya kumi, kama asubuhi tisa zilizotangulia, Mashine alipanda juu ya stuli, akalishusha kopo kubwa la unga wa maziwa kutoka juu ya kabati, akapanga vikombe vitatu vyenye vifuniko mezani. Katika kila kikombe alitia kijiko kimoja cha unga. Kijiko chenyewe kilikuja ndani ya kopo, naye alikisawazisha kwa mgongo wa kisu, maana hakutaka hata chembe izidi. Kikombe cha kwanza alikitilia maji ya uvuguvugu akakoroga. Viwili vilivyobaki alivifunika, kimoja cha mchana, kingine cha jioni. Kisha akaandika kwenye daftari: asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitabu cha mahudhurio shuleni, na huko ndiko lilikobaki. Tangu darasa la tatu, alipomsahihisha mwalimu hesabu ya kugawanya mbele ya darasa zima, watoto walimwita Mashine, na baada ya muda hata nyumbani wakamwita hivyo hivyo. Sasa alikuwa darasa la sita, na ukweli usemwe, jina hilo alilipenda kupita kiasi.

Maziwa yalikuwa ya babu, baba yake mama. Babu alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, mtu wa maneno mengi, aliyeweza kubishana na redio mpaka redio ikaishiwa betri. Wiki mbili nyuma aliteleza kwenye ngazi alipokuwa akifunga geti la mteja, akavunjika taya. Hospitalini walimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya mwembamba, yasifunguke kwa wiki sita. Kuongea hawezi, kutafuna hawezi. Alichoweza ni kunywa kwa mrija na kuandika kwa chaki kwenye kibao kidogo.

Mashine alipompelekea kikombe, babu alitazama ndani, akachukua chaki na kuandika: MAZIWA HAYA AU MAJI YALIYOONYESHWA NG'OMBE?

"Babu, ndicho kipimo cha muuguzi," Mashine alisema.

Babu akatikisa kichwa, akaingiza mrija kwenye pengo la jino moja na kunywa mpaka kikombe kikakoroma. Njaa aliisikia, na alishaiandika kwenye kibao mara nyingi. Lakini hesabu ya mjukuu wake huyo wa kike aliiamini kuliko tumbo lake mwenyewe. Suruali yake, iliyokuwa ikimtosha vizuri kabla hajaanguka, sasa aliifunga kwa kamba ya viatu.

Hesabu yenyewe ilianzia kliniki, siku babu aliporuhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi aliandika kwenye kadi: 1200 kcal kwa siku kutoka kwenye unga wa maziwa. Mchuzi uliochujwa na maji ya matunda vingekuwa vya kuongezea tu.

"Makopo yanatofautiana," muuguzi alimwambia mama. "Mtakalopata dukani, liangalieni pembeni. Pameandikwa kijiko kimoja kina nishati kiasi gani. Au lileteni hapa niwahesabie vijiko."

"Naweza kuhesabu mwenyewe," Mashine alisema.

Muuguzi alimtazama kwa furaha. "Vipimo vya nishati unavijua?"

"Tumeshavisoma."

Hawakuwa wamevisoma. Mada hiyo ilikuwa mbele kwenye kitabu, na Mashine alikuwa ameona kichwa chake tu wakati akipekua kurasa. Uongo wenyewe ulikuwa neno moja, na mama alitabasamu kwa fahari mbele ya wagonjwa wote. Walipofika nyumbani na kopo, Mashine akasoma pembeni: kijiko kimoja, kJ 420. Kadi ilisema kcal, kopo lilisema kJ. Zote zilianza na k, zote zilikuwa za nishati, akaona ni mamoja. Akagawanya 1200 kwa 420, akapata mbili na sehemu, karibu tatu. Vijiko vitatu kwa siku. Alijiona amemaliza.

Siku hiyo ya kumi ilikuwa Ijumaa. Mwalimu wa sayansi aliingia darasani na pakiti tupu ya biskuti, akaibandika ubaoni kwa gundi.

"Leo tunasoma vipimo vya nishati," alisema. "Sikilizeni. Fundi mmoja anapima kitambaa kwa mita, mwingine kwa futi. Kitambaa ni kile kile, namba ndizo zinazobadilika. Sasa mtu aliyeambiwa achukue mita tatu, akachukua futi tatu, atashonewa nini?"

"Kaptura!" mtu alipaza sauti nyuma.

"Hata kaptura haitoshi. Atashonewa soksi." Darasa likacheka. "Na nishati ni hivyo hivyo. Wengine wanaipima kwa juli, wengine kwa kalori. Kilokalori moja ni sawa na kilojuli nne nukta mbili, kwa kukadiria. Kwenye vyakula mtaona zimeandikwa kcal na kJ. Ukizichanganya, umekwisha."

Akaandika ubaoni: biskuti hizi zina kJ 840. Ni kcal ngapi?

Msichana aliyekaa naye dawati moja, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alimpiga kiwiko. "Inuka basi, Mashine. Unangoja nini?"

Mashine akasimama. "Unagawanya kwa nne nukta mbili. Mia mbili."

"Mpigieni makofi," mwalimu alisema.

Makofi yalikuwa bado yanalia Mashine alipoketi na kuanza kujisikia vibaya. Ikiwa 840 ni mia mbili, basi nusu yake, 420, ni mia moja. Kijiko kimoja ni kilokalori mia moja. Babu anatakiwa apate elfu moja na mia mbili. Hakuhitaji hata kalamu. Vijiko kumi na viwili. Naye alikuwa akimpa vitatu, na kuvisawazisha kwa kisu.

Aliirudia hesabu pembeni mwa daftari mara tatu, akitamani kwa mara ya kwanza maishani mwake awe amekosea. Jibu halikubadilika. Dirisha la karibu yake lilikuwa na nondo, mlango ulikuwa mbali, na mwalimu aliendelea kueleza jambo ambalo yeye alikwisha kulielewa kuliko mtu yeyote mle ndani.

Wakati wa mapumziko Redio alimwuliza, "Mbona umekaa kama umemeza jiwe?"

"Ukikosea hesabu ya mtu, unafanyaje?"

"Nafuta."

"Na kama ameshaila?"

Redio akamkodolea macho, kisha akacheka. "Nani anakula hesabu? Wewe leo huna akili."

Mashine alirudi nyumbani mbio, ameshapanga maneno ya kusema. Alipofika mlangoni alisikia sauti, akasimama.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kitanda cha babu, meza na kabati, na mtu akigombana hapo, hakuna pa kukimbilia. Mama alikuwa amerudi kutoka kiwanda cha nguo alikofanya kazi ya kupiga pasi, bado amejifunga kitambaa cha kazi kichwani. Mbele yake palikuwa na kopo la unga, wazi. Upande wa pili wa meza alisimama mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeacha kazi ya saluni ili amwangalie baba yao mchana.

"Muuza dawa alisema mgonjwa wa kunywa tu hulimaliza kopo hili kwa siku sita au saba," mama alisema. "Leo siku ya kumi, na limezidi nusu. Na baba anazidi kukonda. Niambie, mchana unampa au humpi?"

"Nampa, dada. Kila siku."

"Basi unga unajirudishia kwenye kopo?"

"Mimi naongeza maji tu. Anayepima ni Mashine."

"Mashine hesabu zake hazikosei!" mama alisema. "Muuguzi mwenyewe alishuhudia. Usimsingizie mtoto."

Maneno aliyokuja nayo Mashine yakapotea yote. Kama angeingia na kusema sasa, angesema mbele ya mama aliyetoka kumtetea kwa sauti kubwa kiasi kile. Alisimama nje, mkoba mgongoni, akisubiri mtu abadilishe mazungumzo. Mama mdogo akaanza kulia kimya kimya, na babu kitandani akapiga kibao alichoandika ANANIPA akitaka wanyamaze, lakini mama akasema anamfichia bintiye tu. Mashine akajiambia kwamba hahitaji kusema chochote. Atarekebisha tu. Kuanzia kesho atatia vijiko vinne kila kikombe, babu atanenepa, kopo litaisha, na ugomvi utakwisha wenyewe.

Jumamosi asubuhi alifanya hivyo. Maji hakuongeza, kwa sababu vikombe vilikuwa vidogo. Babu alionja, akafumbua macho, akaandika: NG'OMBE AMEFIKA. Akanywa mpaka tone la mwisho, na kwa saa chache Mashine alipumua.

Mchana, mama mdogo alifungua kikombe cha pili akasita. "Mashine, mbona unga leo umejaa hivi?"

"Ni ule ule," Mashine alisema bila kumtazama.

Mama mdogo akakoroga uji mzito, akampa babu. Haikupita robo saa babu akaanza kutokwa na jasho. Alishika tumbo, akainama mbele, macho yamemtoka. Tumbo lililozoea vijiko vitatu kwa siku nzima lilikuwa limepakiwa vinane kabla ya saa nane mchana, nalo lilitaka kuvirudisha. Lakini vingetokea wapi? Mdomo ulikuwa umefungwa kwa waya. Walishaonywa hospitalini: mgonjwa wa namna hii akitapika anaweza kupaliwa. Kwa ajili hiyo walipewa koleo dogo la kukatia waya, nalo lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda.

Mama aliingia kutoka kazini wakati huo huo. Alilirukia koleo, akamshika babu kichwa. "Mwinamishe! Mwinamishe mbele!" alimpigia kelele mama mdogo. "Baba, pumua kwa pua. Nikate? Baba, nikate?"

Babu alinyoosha kidole kimoja: subiri. Akapumua kwa pua, taratibu, mishipa ya shingo imemsimama. Mashine alikuwa amebanwa kati ya kabati na ukuta, hawezi kupita, hawezi kusaidia, anamsikiliza babu yake akivuta pumzi. Hatimaye mabega ya babu yakalegea. Kichefuchefu kilipita na koleo halikutumika.

Mama akaketi sakafuni. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Umempa nini?"

"Alichopima Mashine. Lakini leo unga ulikuwa mwingi, dada. Nilimwuliza."

Wote wawili wakamtazama. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mashine alijua hilo. Akautazama mguu wa meza.

"Ule ule tu," alisema.

Mama mdogo hakulia safari hii. Alimtazama Mashine akiwa hana hasira usoni, ni mshangao tu, kisha akaenda chumba cha ndani. Kupitia pazia walisikia zipu ya begi.

"Jumatatu tuna kliniki," mama alisema. "Nitamweleza muuguzi kila kitu. Baada ya hapo, anayetaka kuondoka aondoke." Alasiri alitoka kwenda kwa jirani fundi cherehani, ambaye ukuta wake ulipakana na wao, akamwomba awe anamwangalia mzee mchana kuanzia wiki ijayo. Mashine alisikia yote kupitia ukutani: "Mdogo wangu anamnyima baba chakula. Ningekuwa sijaona kwa macho yangu, nisingeamini." Na jirani akaguna kwa mshangao, mguno mrefu.

Jumapili Mashine alirudia kijiko kimoja kimoja. Akipunguza, babu anakonda. Akiongeza, babu anaweza kupaliwa. Akisema, basi, jina lake limekwisha. Alilizunguka jambo hilo kutwa nzima na kila alipojaribu kutokea alikuta pamefungwa. Na begi la mama mdogo lilikuwa limewekwa karibu na mlango, limejaa, na kila aliyepita ilimbidi aliruke.

Jumatatu walikwenda kliniki wote wanne, kwa sababu mama alitaka mama mdogo ahojiwe, na Mashine ndiye mwenye daftari la vipimo. Chumba cha muuguzi kilikuwa kidogo: meza, mizani, benchi moja. Mashine alikaa katikati ya benchi, mama kulia, mama mdogo kushoto, mabega yamegusana pande zote mbili.

Babu akapanda kwenye mizani. Muuguzi akaangalia kadi ya zamani, akaangalia mshale, akamwomba ashuke na kupanda tena. "Hamsini na tatu," alisema. "Alitoka hapa na hamsini na nane. Kilo tano. Unga anakunywa kweli?"

"Ndiyo maana nimekuja na huyu," mama alisema. "Mdogo wangu ndiye anayekaa naye mchana."

Muuguzi alimgeukia mama mdogo. Hakufoka, ila sauti yake ilikuwa baridi. "Dada, mgonjwa huyu hawezi hata kuita jirani. Akinyimwa, nani atajua? Kama nyumbani hakuna wa kumwangalia, nitamlaza wodini leo, na suala hili nitaliandika kwenye faili lake."

Akachukua kalamu. Mashine alisikia bega lake la kushoto likitikisika, na akaelewa kwamba ni bega la mama mdogo linalotetemeka. Kalamu ikagusa karatasi.

"Usiandike," Mashine alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Usiandike, tafadhali. Si yeye. Ni mimi."

Kalamu ikasimama.

"Kopo liliandikwa kJ. Mimi niligawanya kama kcal. Nimempa vijiko vitatu kwa siku badala ya kumi na viwili. Nilijua Ijumaa, darasani. Jumamosi nikatia vinne vinne bila kusema, ndipo akaugua. Mama mdogo aliniuliza, nikamdanganya. Na siku ile ulipouliza kama tumesoma vipimo vya nishati..." Hapo akashindwa kuzuia machozi. "Tulikuwa hatujasoma."

Mama aliinama akashika kichwa. Babu alichukua kibao chake, akaandika polepole, akamgeuzia Mashine: NILIDHANI NI UZEE TU.

Safari hii haukuwa mzaha, na hilo lilimuuma kuliko kama angemkaripia. Babu alikuwa amelala kitandani siku zote hizo akiamini kwamba anakonda kwa sababu mwili wake unaisha, kumbe ni kwa vijiko vichache.

Muuguzi akavuta daftari, akasoma safu zote zilizonyooka vizuri: kimoja, kimoja, kimoja. "Fanya hesabu hapa," alisema, akampa karatasi. "Na kila namba uiandikie kipimo chake."

Mashine aliandika. Kilokalori 1200 mara 4.2 ni kilojuli 5040. Kilojuli 5040 gawanya kwa kilojuli 420 za kila kijiko ni vijiko 12.

"Sawa sawa. Kosa lako ni kwamba daftari hili lote lina namba, halina kipimo hata kimoja. Sisi hapa kabla ya kumpa mtu dawa, mmoja anasoma namba na kipimo chake kwa sauti, mwenzake anarudia. Si kwamba hatujui hesabu. Ni kwa sababu tunaijua, na tunajua inavyoponyoka." Alikohoa kidogo. "Na mimi nina langu. Nilipaswa kuliona kopo kwa macho yangu, sio kuridhika na jibu la haraka la mtoto mwerevu. Lakini Jumamosi, binti, ulijaribu kulifunika kosa la kwanza kwa kosa la pili, na hilo la pili lingeweza kumwua."

"Nimeelewa," Mashine alisema.

"Tumbo lililozoea kidogo halipakiwi ghafla. Leo vijiko sita, kwenye vikombe vidogo vidogo sita, na maji ya kutosha. Kesho vinane. Keshokutwa kumi. Alhamisi kumi na viwili. Na Ijumaa mumlete nimpime tena."

Njiani mama alimwambia mdogo wake, "Nisamehe. Nilikusema vibaya." Mama mdogo aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kumshika babu mkono. Begi lilikuwa bado mlangoni walipofika. Aliliruka kama wengine, akaweka birika jikoni.

Mashine alimfuata. "Mama mdogo, nisamehe."

Mama mdogo alizima moto, akageuka. "Unajua kilichoniuma? Si dada kunifokea. Dada ana hasira za moto wa karatasi, namjua. Kilichoniuma ni jana. Nilikaa pale nikajiuliza, labda kweli nilisahau. Labda kuna mchana nilisinzia, nikadhani nimempa na sikumpa. Nikaanza kuhesabu siku moja moja kwa vidole. Nilikuwa karibu kuamini kwamba nimemshindisha baba yangu njaa. Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo mezani, unajua."

Hakukuwa na hesabu ya kumtoa Mashine hapo.

"Kwa muuguzi umesema," mama mdogo aliendelea. "Na jirani je? Yeye bado anajua mimi ni mtu wa kunyima wagonjwa chakula."

"Nitakwenda mimi," mama alisema kutoka chumbani. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Nendeni wote," mama mdogo alisema.

Walikwenda wote. Jirani alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akawaangalia. Mashine alieleza tangu mwanzo, kilojuli na kilokalori na yote, akiwa amesimama wima. Mama akaongeza lake. Jirani hakuelewa vizuri habari za kilojuli, lakini alielewa mengine. "Nilimwona jana dukani, nikageuza uso," alisema kwa huzuni. Akaweka kitambaa pembeni, akasimama. "Nitakwenda kumwamkia."

Jirani alipokwisha kumwamkia na kuondoka, mama mdogo alikuwa amekaa mezani, vikombe vidogo sita mbele yake. Begi halikuwepo tena mlangoni. Alimsukumia Mashine kopo.

"Pima. Na useme, nisikie."

"Vijiko sita. Kilojuli elfu mbili mia tano na ishirini, sawa na kilokalori mia sita."

Mama mdogo alirudia namba zote, neno kwa neno, akihesabu vijiko kwa macho. Kisha akasema bila ukali, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia: "Mashine, hesabu utakosea tena, wewe si mashine. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ijumaa lilikuwa kosa la vijiko tu, tungelicheka jioni likaisha. Uliponyamaza ukaligeuza likawa kosa langu."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Haya, koroga. Taratibu, yasifanye mabonge."

Kitandani babu aligonga kikombe kitupu mara mbili kwa kucha, kuwakumbusha kwamba mgonjwa bado yupo na kwamba maneno hayashibishi. Mashine akakoroga haraka, akachukua kikombe cha kwanza kwa mikono miwili, akampelekea.